Kufua dinari ya Tiberius kwa nyundo: shajara ya mradi

Januari 11. Sarafu gani, na kwa nini

Mradi ni kutengeneza nakala za dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, kwa njia waliyotumia wenyewe: mihuri miwili ya chuma, kidonge cha fedha katikati, na nyundo. Nakala za kusubu zipo tele na bei yake ni ndogo, lakini zimekaa kama sabuni iliyokwisha kutumika: herufi hazina ncha, pua imeyeyuka. Sarafu iliyofuliwa ina ukali ambao kusubu hakuufikii. Hizi ni za klabu ya historia, wanafunzi washike kwa mikono badala ya kutazama picha ubaoni. Nitaandika kila hatua ikikamilika, ili atakayeiga asichome makaa bure.

Nimechagua dinari ya Tiberius, Kaisari wa Roma aliyetawala mwaka 14 hadi 37 BK. Ilifuliwa Lugdunum, ambao leo ni mji wa Lyon, Ufaransa. Upana wake ni kama milimita 18, uzito karibu gramu 3.8. Upande wa kichwa yupo Kaisari mwenye taji la majani, akitazama kulia, na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Mgongoni ameketi mwanamke mwenye fimbo ndefu ya enzi mkono mmoja na tawi la mzeituni mkono wa pili, na maandishi PONTIF MAXIM, yaani kuhani mkuu. Wengi wanamwona ni Livia, mama yake Tiberius, katika umbo la Amani.

Sababu ya kuichagua ni ya kivivu kidogo: picha ya mgongoni haikubadilika kwa karibu utawala wote, kwa hiyo mifano ni mingi sana. Halafu kila aliyekaa kanisani anakijua kisa cha kodi na swali la sura iliyomo kwenye dinari, na sarafu hii ndiyo ambayo wakusanyaji huihusisha na kisa hicho. Wanafunzi wataingia nayo darasani wakiwa tayari na la kusema.

Tazama pia inachokidai. DIVI AVG F ni "mwana wa Augustus aliyefanywa mungu". Baraza la Seneti lilimtangaza Augustus, Kaisari aliyemtangulia Tiberius, kuwa mungu baada ya kufa kwake mwaka 14. Tiberius hakuwa mwanawe wa kumzaa, alikuwa wa kupanga, aliyechukuliwa akiwa mtu mzima mwaka 4. Sarafu hailisemi hilo. Herufi chache tu, na mwenye kuishika anaambiwa mtawala ni mwana wa mungu na pia ni kuhani. Hoja yote ya utawala imeingia kwenye kitu cha kuwekwa chini ya ulimi.

Sina sarafu halisi. Nafanya kazi kwa picha za OCRE, hifadhidata ya bure ya American Numismatic Society yenye sarafu za makaisari wote, na za British Museum. Chagua picha iliyopigwa kwa mwanga wa upande mmoja. Mwanga wa pande zote unafuta vina.

Januari 19. Chuma

Kipande cha ekseli ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kimekatwa pande mbili: fupi nene kwa muhuri wa chini, refu kiasi cha kushikika kwa muhuri wa juu. Vyote vimelazwa ndani ya makaa yaliyofunikwa majivu usiku kucha ili vipoe polepole na kulainika. Asubuhi tupa inakula vizuri. Nyuso zimesuguliwa hadi zikaonyesha kivuli cha dirisha.

Gharama: ekseli Sh 500, makaa Sh 200, seti ya tupa ndogo Sh 1,200.

Februari 2. Picha iliyogeuka mara mbili

Muhuri huchongwa kinyume ili sarafu isomeke sawa. Njia rahisi ya kuhamisha mchoro ni hii: chapa picha kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, ilaze kifudifudi juu ya chuma, lowesha kwa asetoni, bana, subiri, bandua. Wino unabaki kwenye chuma.

Tatizo likaja hapo. Programu ya simu ilikuwa imeshaigeuza picha, na kule kuilaza kifudifudi kukaigeuza tena, kwa hiyo ikarudi kuwa sawa. Muhuri ulionekana mzuri ajabu. Kila herufi ilisomeka. Baada ya michoro michache ya mwanzo tulibonyeza udongo wa kuchezea wa watoto juu yake, na Tiberius akatoka akitazama kushoto, maneno yakisomeka kama kwenye kioo. Asetoni ikafuta wino, tupa ikafuta mikwaruzo, tukaanza upya na picha isiyogeuzwa.

Kanuni iliyopatikana: muhuri unaosomeka kwa urahisi ni muhuri mbovu. Na udongo wa kuchezea ukae mezani tangu mwanzo, ubonyeze kila baada ya muda mfupi.

Jambo hili lina historia yake. Dinari za Augustus na Tiberius zilikwenda kwa wingi kusini mwa India kulipia pilipili manga, na huko zimefukuliwa katika marundo. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, ule ule unaoitaja Rhapta kwenye pwani yetu, unataja dinari za dhahabu na za fedha zikipelekwa bandari ya Barygaza, India. Mafundi wa India wakaziiga. Katika nyingi ya nakala hizo kichwa kinatambulika ila herufi zimegeuka mistari na vipinda tu, maana aliyechonga hakuwa na haja ya kujua zinasema nini. Mnunuzi wake naye hakuwa na haja. Uzito wa fedha na uso wenye taji vilitosha.

Gharama: asetoni na kuchapisha Sh 350.

Februari 23. Kuchonga uso

Kinachoinuka zaidi kwenye sarafu ndicho kinachozama zaidi kwenye muhuri. Shavu na shingo vya kwanza, kwa patasi ya ncha ya mviringo. Kisha paji, pua, kidevu. Nywele na majani ya taji baadaye kwa ncha kali. Jicho la mwisho, na lina nafasi moja tu. Ukikosea jicho umechonga mtu mwingine.

Herufi zilileta shida kuliko uso. Kuzichonga moja moja kulitoa AVGVSTVS iliyobanana kama abiria wa matatu, na S ya mwisho haikupata nafasi. Dawa: acha kuchonga, gonga. Kwa biti mbovu za kekee nimetengeneza vigongeo vitatu, kimoja cha mstari mfupi, kimoja cha mstari mrefu, kimoja cha kipinda. Herufi zote za Kilatini zinazohitajika hapa zinajengeka kwa hivyo vitatu. Kwanza gonga mistari mirefu ya herufi zote kuzunguka duara, ukihakikisha nafasi ni sawa, ndipo uzikamilishe. Warumi waliandika V mahali pa U, na baada ya kugonga mduara mzima nawashukuru.

Sura yenyewe inahitaji maneno. Julius Caesar ndiye Mrumi wa kwanza kuwekwa sura akiwa hai kwenye sarafu zilizofuliwa Roma, mwaka 44 KK, na mwaka huo hakuumaliza. Brutus, aliyemuua kwa hoja ya kuzuia ufalme, hakukawia kuweka uso wake mwenyewe kwenye dinari, mgongoni majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Hadi kufikia Tiberius, uso wa mtawala kwenye fedha ni jambo la kawaida, na uso huo hauzeeki: Tiberius alikufa akiwa na miaka 77, lakini kwenye dinari ni mwanamume mkakamavu mwenye shingo nene. Nero alikubali sarafu zimwonyeshe akinenepa mwaka hadi mwaka. Vespasian, aliyeshika nchi baada ya vita vilivyofuata kifo cha Nero, alitaka makunyanzi na upara, sura ya askari mzee asiye na mambo ya anasa. Ukishachonga shavu kwa mkono wako huwezi tena kuamini kwamba kidevu kinene cha Nero kilitokea kwa bahati mbaya. Ni kazi ya siku nzima kuongeza kidevu.

Machi 8. Muhuri wa chini umepasuka

Chuma kilicholainishwa hakiwezi kufua kitu. Lazima kikomazwe: kipashwe moto mpaka sumaku isikishike, kisha kizamishwe ghafla. Kilizamishwa kwenye ndoo ya maji, kikalia "tak", na ufa ukatoka shingoni mwa Tiberius hadi ukingoni. Chuma cha ekseli hakipendi maji. Kinataka oili.

Muhuri wa juu ulizamishwa kwenye oili chafu ya gari iliyopashwa joto kidogo, ukatoka salama. Kisha ukaingia kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi kama 220 hadi uso uliosuguliwa ukawa rangi ya majani makavu. Hatua hiyo ya pili usiiruke, bila hiyo chuma ni kigumu lakini kinavunjika kama chupa.

Muhuri wa chini umechongwa upya, kwa haraka zaidi kwa sababu mkono sasa unajua njia. Ule uliopasuka hatukuutupa. Tumeufanyia majaribio ya shaba, na kila kipande kinatoka na mstari ulioinuka kutoka shingoni. Mstari wa namna hiyo upo kwenye sarafu nyingi za kale: ufa kwenye muhuri huwa uzi kwenye sarafu. Maana yake viwanda vya Kaisari navyo viliendelea kufua kwa mihuri iliyopasuka. Ninaweka vipande hivyo vya shaba kwa ajili ya somo.

Gharama: makaa Sh 400. Oili ilikuwa ya kumwagwa.

Machi 22. Vidonge

Warumi walipima kwa ratili yao, gramu zipatazo 327. Tangu Augustus ratili moja ilitoa dinari 84, yaani kama gramu 3.9 kila moja. Vidonge vyetu ni gramu 3.8.

Bamba lililokatwa duara lilishindwa kabisa, nitaeleza chini. Kilichofaa ni kupima punje za fedha na shaba kwanza (asilimia 98 kwa 2), kuziweka kwenye kishimo kilichochimbwa kwenye kipande cha makaa, kutia boraksi kidogo na kuyeyusha kwa moto wa gesi. Fedha iliyoyeyuka hujikusanya yenyewe ikawa kitufe. Hakuna kukata na uzito haupotei. Nyundo mbili tatu za kukibapa kidogo, moto tena wa kulainisha, basi.

Gharama: fedha safi gramu 60 kwa Sh 190, jumla Sh 11,400. Boraksi Sh 250. Shaba ni ya nyaya za umeme, Sh 200.

Aprili 5. Nyundo

Kazi ya leo ilifanyika kwa fundi sonara, mwenye fuawe imara na mkono uliozoea. Muhuri wa chini umepachikwa kwenye gogo. Mimi nashika muhuri wa juu kwa koleo, fundi anapiga.

Vipande vya bamba vilitoka na herufi safi na uso uliofutika. Ukiangalia kwa kioo cha kukuzia unaelewa: shavu la Tiberius liko mkabala kabisa na kiwiliwili cha mwanamke aliyeketi. Pande zote mbili zinadai fedha mahali pamoja, na bamba halina fedha ya kuzitosheleza. Kitufe kina tumbo katikati, kwa hiyo kinazo. Tulipokipasha hadi wekundu hafifu na kukipiga kabla hakijapoa, pua ikaja, sikio likaja, hata mkunjo wa nguo gotini.

Tatizo la pili lilikuwa mkono wangu. Muhuri uliruka baada ya pigo, fundi akapiga tena, na mwanamke akapata magoti manne.

"Mwalimu, usiikamate kama unaogopa itakimbia," fundi aliniambia. "Ielekeze tu, nyundo yenyewe itaikalisha."

"Na wewe fundi, piga moja."

"Moja nzito. Ya pili ni ya kuharibu."

Pigo moja kwa nyundo ya kilo mbili limetosha kwa fedha ya moto.

Tatizo la tatu lilitupa zawadi. Sarafu moja ilinasa kwenye muhuri wa juu bila sisi kuiona, kidonge kilichofuata kikawekwa, nyundo ikashuka. Kilichotoka kina Tiberius pande zote mbili: upande mmoja ameinuka kama kawaida, upande wa pili amezama ndani, anatazama kushoto, na maandishi yake yamegeuka. Sarafu za namna hii zimepatikana za Kirumi halisi, na sasa naona zilivyopatikana: watu wana haraka na hakuna anayegeuza muhuri kuutazama. Hii haiyeyushwi.

Fundi aliuliza kwa nini kichwa kiko chini na mama yuko juu. Muhuri wa juu ndio unaopokea nyundo moja kwa moja, kwa hiyo huchoka mapema, na wetu umeshaanza kutawanyika kichwani. Wa chini umelindwa na gogo. Ukiwa na mchongaji mmoja hodari, kazi yake bora unaiweka chini ambako itadumu, na kazi bora ni uso wa Kaisari. Mgongoni unaweza kubadilisha mihuri kadiri inavyoisha, na ukishalazimika kubadilisha, unaweza kubadilisha na habari yenyewe: mamba na maneno AEGYPTO CAPTA baada ya Misri kutekwa, mateka Myahudi ameketi chini ya silaha zilizotundikwa wakati wa Vespasian. Sisemi habari zilibadilika kwa sababu ya nyundo. Nasema nyundo iliacha mlango wazi.

Anayetaka picha ya zana hizi aitafute dinari ya T. Carisius, ofisa wa sarafu wa Roma, ya mwaka 46 KK. Ina nyundo, koleo na fuawe, na juu ya fuawe kitu ambacho wengine hukiona ni muhuri, wengine kofia ya Vulcan, mungu wa wahunzi. Mimi baada ya leo niko upande wa muhuri.

Gharama: posho ya fundi Sh 3,000. Zilizoharibika zimerudi motoni, kwa hiyo fedha ipo.

Aprili 26. Uso ule ule, fedha pungufu

Jaribio la kando: mihuri hiyo hiyo, madini mengine. Nero alipunguza uzito mwaka 64, dinari 96 kwa ratili, akaongeza na shaba. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya, alipopandisha mishahara ya askari aliishusha fedha hadi karibu nusu. Caracalla mwaka 215 akatoa sarafu mpya yenye Kaisari wa taji la miali, inayodhaniwa kuhesabiwa dinari mbili ilhali fedha yake haikufika ya dinari mbili. Ndani ya miaka ya 260, chini ya Gallienus, sarafu hiyo ilikuwa na fedha isiyozidi sehemu chache za mia.

Tumeyeyusha nusu kwa nusu. Kidonge kilitoka na rangi ya manjano yenye wekundu, hakuna mtu angeita fedha. Pia ni kigumu: pigo moja halikutosha, na kingo zilipasuka mahali kadhaa.

Hapo fundi akatoa ukwaju. Kidonge kinapashwa moto hadi shaba ya juu inakuwa nyeusi, kinachemshwa kwenye maji ya ukwaju na chumvi, weusi unatoka, kinapashwa tena. Ukwaju unaondoa shaba iliyoungua na kuiacha fedha juu. Baada ya kurudia mara kadhaa kidonge kikawa cheupe kisichong'aa, kama chaki. Ulipopita muhuri, ngozi ile ikabanwa na kung'aa. Ukiiweka kando ya dinari ya asilimia 98 huzitofautishi kwa macho. Vipimo vya kisasa vimeonyesha kwamba dinari za Kirumi zilizochanganywa shaba zina fedha nyingi juu kuliko ndani, na hiyo ndiyo sababu watafiti wa zamani waliopima juu juu walizidisha usafi wake.

Mpangilio ni muhimu. Tulipoichemsha moja baada ya kuifua, ngozi ilibaki na vitundu na ikachubuka kwa kidole. Ukwaju kwanza, nyundo baadaye.

Mchanganyiko wa asilimia 5 haukukubali. Umebaki kahawia hata ufanyeje. Warumi wa kipindi hicho walizipaka sarafu fedha nyembamba kwa juu, na hilo hatujalijaribu.

Gharama: ukwaju Sh 100.

Mei 10. Alama ya nakala

Nakala iliyofuliwa vizuri kwa fedha halisi na uzito halisi ni hatari ikitoka mikononi mwa klabu. Lazima iwe na alama isiyofutika. Herufi N iliyochongwa ndani ya muhuri ilitoka imeinuka, na kitu kilichoinuka kinasuguliwa kwa tupa dakika moja. Kugonga N iliyozama nyuma ya kichwa baada ya kufua kulibapa fimbo ya enzi upande wa pili. Kilichofaa ni kulaza sarafu juu ya ngozi nene ya kiatu na kugonga mara moja kwa kigongeo chembamba. Ngozi inameza pigo. Sarafu zote sasa zina N iliyozama, pamoja na ile ya Tiberius wawili.

Jumla hadi leo ni Sh 17,600, na sehemu kubwa ya hizo iko ndani ya sarafu zenyewe.

Mei 24. Muhuri wa juu wa pili: Hadrian

Klabu imeomba sarafu yenye jina la bara letu. Hadrian, aliyetawala 117 hadi 138, alitoa mfululizo wa dinari za majimbo, na mojawapo imeandikwa AFRICA: mwanamke amejinyoosha, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkono mmoja ameshika nge, mwingine pembe iliyojaa matunda, miguuni kikapu. Africa hiyo ni jimbo la Carthage (Tunisia ya leo) na kandokando yake, nchi ya ngano iliyolisha Roma, ambayo Hadrian aliizuru mwaka 128. Pwani yetu wao waliiita Azania. Wanafunzi wameambiwa, na bado wanaitaka.

Mkonga wa tembo umekuja vizuri kwa kigongeo cha kipinda. Kinachokataa ni nge. Miguu yake ni myembamba kuliko ncha ya patasi yoyote niliyonayo, na nikiichonga minene inakuwa kaa. Nimenoa sindano ya cherehani na kuipachika kwenye mpini. Inachora mguu mmoja kabla ya kuvunjika, na pakiti ina sindano kumi, kwa hiyo zinatosha miguu minane na gandu mbili. Mkia utasubiri pakiti nyingine.